UZI: Kampuni za simu zikiungana Marekani, tume ya jimbo ina meno kweli?

Waya wa Shaba (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Nimeona nifungue uzi wa peke yake, maana kila kampuni kubwa ya simu ya Marekani inapotangaza kununua nyingine, mjadala wote unaishia Washington: Wizara ya Sheria itasemaje, FCC, tume ya shirikisho ya mawasiliano, itapitisha au itakataa. Majimbo hayatajwi kabisa. Ilhali kwa simu za mezani, jimbo ndiko mpango unakochunguzwa kwa undani, na wakati mwingine ndiko unakokwama.

Mpango wa namna hii una milango mitatu. Wa kwanza ni Wizara ya Sheria, inayotazama ushindani. Ikitaka kuzuia, lazima iende mahakamani na kuthibitisha madhara. Wa pili ni FCC, inayoidhinisha uhamisho wa leseni na kuuliza kama umma utanufaika. Wa tatu ni tume ya huduma za umma ya jimbo ambalo laini zimo. Majina yanatofautiana kidogo (California ni CPUC, Vermont zamani ilikuwa Bodi ya Huduma za Umma), ila kazi ni moja. Si kila jimbo lina sheria ya kudai kibali, lakini mengi yanayo.

Hizi tume si za jana. New York na Wisconsin zilizipa mamlaka makubwa mwaka 1907, wakati mkuu Theodore Vail wa kampuni kubwa ya simu AT&T alipokuwa anahubiri mfumo mmoja wa simu kwa nchi nzima. Hayo yalikuwa maafikiano: tutawaachia muwe peke yenu, ila bei na huduma zenu zitakaguliwa. AT&T ikavunjwa tarehe 1 Januari 1984, zikazaliwa kampuni saba za kikanda. Sheria ya mawasiliano ya 1996 ilipotoka, zile saba zikaanza kumezana. SBC ikainunua Pacific Telesis 1997, Bell Atlantic ikaungana na NYNEX mwaka huohuo, SBC ikarudi kuichukua Ameritech 1999, Qwest ikaimeza US West 2000. Kila mara mawakili walibeba majalada kwenda makao makuu ya majimbo.

Sasa hoja yangu. Wengi wanadhani kazi ya tume hizi ni kuzuia ukiritimba. Nikitazama mipango iliyowaumiza wateja wa simu za mezani huko tangu 2005, sioni ukiritimba mpya. Naona deni na mifumo ya bili. Mnunuzi alikopa kupita uwezo, au alichukua wateja bila kuwa na kompyuta za kuwahudumia. Na kati ya milango mitatu, wa jimbo ndio pekee unaouliza maswali hayo kwa kina.

Karibuni tujadili.

---

Kipanga wa Pwani

Nimeweka kiti. Ila swali la haraka mkuu: kama FCC ipo, jimbo linaingiaje? Simu haijui mpaka wa jimbo.

---

Waya wa Shaba

Swali zuri. Sheria ya mawasiliano ya 1934 iliigawa huduma mara mbili. Simu inayovuka mpaka wa jimbo ni ya FCC, inayoanza na kuishia ndani ya jimbo ni ya jimbo. Waya ni uleule, nguzo ni ileile, lakini kisheria ni huduma mbili. FCC ilijaribu kuwaamulia majimbo namna ya kuhesabu uchakavu wa mitambo, kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1986, ile ya tume ya Louisiana dhidi ya FCC, na majimbo yakashinda.

Kwa hiyo mnunuzi akitaka kampuni yenye cheti cha kutoa huduma ya ndani ya jimbo, cheti hicho ndicho kinachompeleka mbele ya tume. Na pale mbele ya tume mzigo unageuka. Kampuni ndiyo inayoomba, kwa hiyo kampuni ndiyo inayothibitisha.

---

Soko Huria

Mleta mada, naheshimu kazi yako ila mimi napinga. Hizi tume ni mabaki ya enzi ambayo simu ilikuwa waya mmoja tu. Leo mteja ana simu ya mkononi, ana kampuni ya kebo, ana intaneti. Laini za mezani zinakufa. Kampuni mbili zinazofilisika polepole zikitaka kuungana ili zipumue, kwa nini makamishna watano wazikalishe mwaka mzima, kila jimbo likidai chake? Mwisho wa siku gharama ya mawakili inarudi kwa mteja.

Na tusidanganyane, masharti mengi ni siasa. Jengeni ofisi hapa, msifukuze wafanyakazi kwa miaka miwili, changieni mfuko fulani. Hayo yanahusiana nini na simu?

---

Waya wa Shaba

Soko Huria, kuhusu masharti ya kisiasa nakubaliana nawe kwa sehemu, tutafika. Lakini hilo la "waachwe wapumue" ngoja nikupe FairPoint, halafu uniambie.

Mwaka 2007 Verizon, moja ya kampuni kubwa za simu Marekani, ilitangaza kuuza laini zake za Maine, New Hampshire na Vermont. Ni majimbo ya baridi, vijiji vingi, misitu, umbali mrefu kati ya nyumba na nyumba. Kwa Verizon, iliyokuwa inamwaga fedha kwenye mkongo wa mijini, laini hizo zilikuwa mzigo. Mnunuzi alikuwa FairPoint ya Charlotte, North Carolina, kampuni ndogo ya simu za vijijini. Ilikuwa inachukua laini kama milioni moja na nusu, mara kadhaa ya ilizokuwa nazo. Mpango mzima ulikuwa wa takriban dola bilioni 2.7.

Vyama vya wafanyakazi, CWA na IBEW, vilipiga kelele tangu mwanzo kwamba deni ni kubwa na mnunuzi ni mdogo. Watu wakasema hao wanalinda ajira zao. Walikuwa wanazilinda, sawa, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi.

Desemba 2007 bodi ya Vermont ikakataa. Haikukataa kwa sababu ya ushindani. Ilisema haijaridhika kwamba FairPoint ina uwezo wa kifedha wa kutimiza ahadi zake. Hapo ndipo utakapoona nguvu ya mlango wa tatu: pande zote zikarudi mezani. Verizon ikakubali kuacha zaidi ya dola milioni 200 za ziada ndani ya mpango, FairPoint ikakubali kupunguza gawio kwa wanahisa, na masharti ya kulipa deni haraka yakaongezwa. Februari 2008 Vermont ikapitisha, Maine na New Hampshire nazo zikapitisha, na tarehe 31 Machi 2008 mpango ukafungwa.

Majimbo hayakulala. Yaliweka hata mkaguzi huru, kampuni ya ushauri ya Liberty, aangalie kama FairPoint iko tayari kuhama kutoka kwenye mifumo ya Verizon. Maana kwa miezi ya mwanzo FairPoint ilikuwa inaendeshwa na kompyuta za muuzaji, na kila mwezi inamlipa mamilioni ya dola kwa huduma hiyo. Kila mwezi wa kuchelewa ni hasara, unaona mtego ulipo?

Mwishoni mwa Januari 2009 wakahama. Oda mpya zilikuwa zimesimamishwa kwa siku kadhaa ili data ihamishwe. Walipowasha, oda zikarundikana, bili zikatoka na makosa, wateja wakapiga simu hazipokelewi, kampuni ndogo zinazokodi laini kwa FairPoint zikashindwa kuwaunganisha wateja wao. Mwaka haukuisha. Tarehe 26 Oktoba 2009 FairPoint ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi.

---

Mama Ankara

Naomba niingie hapo kwenye kuhama mifumo, maana ndiyo kazi niliyoifanya miaka mingi kwenye kampuni moja ya simu ambayo sitaitaja.

Watu wakisikia "mifumo ya bili" wanadhani ni programu ya kuchapisha karatasi. Hapana jamani. Laini moja ya mezani ina namba, ina anwani, ina jozi ya waya kwenye kabati fulani, ina tundu kwenye mtambo, ina bei, ina punguzo, ina kodi ya mji na ya jimbo, ina rekodi kwenye hifadhidata ya namba ya dharura ili gari la wagonjwa lijue nyumba ni ipi. Vyote hivyo viko kwenye mifumo tofauti iliyojengwa miaka tofauti, mingine na watu waliokwisha kustaafu. Na data yenyewe ina makosa. Kwenye kampuni ya zamani makosa hayo hayaonekani kwa sababu kuna mama mmoja pale ofisini anajua kwamba mtaa ule umeandikwa mara mbili, akiona oda inakwama anaisukuma kwa mkono.

Unaponunua kampuni unapewa data. Yule mama hupewi.

Sisi tulihamisha wateja wachache tu kwa kulinganisha na hao wa FairPoint, na kwa wiki kadhaa oda zilikuwa zinatoka upande mmoja hazifiki upande wa pili. Hakuna aliyekosea kitu kikubwa. Ni mambo madogo maelfu. Majaribio yalikuwa yamepita vizuri, kwa sababu majaribio huwa yanafanywa kwa data safi.

Kwa hiyo nikisikia mkaguzi huru alitoa ripoti kwamba maandalizi yanaendelea, simlaumu. Alikuwa anakagua majaribio.

---

Kipanga wa Pwani

Dada Mama Ankara, hapo umenifungua macho. Yaani tume inaweza kuweka sharti la "usihame mpaka uwe tayari" na bado ikapigwa chenga?

---

Mama Ankara

Haikupigwa chenga na mtu. Utayari wenyewe haupimiki mpaka siku ya kuwasha. Kilichotakiwa ni fedha ya akiba ya kuajiri watu wa kufanya kazi kwa mkono miezi sita, na muuzaji alazimishwe kubaki na mifumo yake wazi ili ikishindikana mrudi. Lakini muuzaji akishapokea chake, ana haja gani ya kukusubiri?

---

Hesabu Kali

Niongezee upande wa fedha, kwa sababu watu hawaulizi kwa nini Verizon ilichagua mnunuzi mdogo namna ile.

Sheria ya kodi ya Marekani ina njia inayoitwa Reverse Morris Trust. Kampuni kubwa inaitenga sehemu ya biashara yake, inaipa wanahisa wake, halafu sehemu hiyo inaungana na kampuni nyingine. Kama wanahisa wa kampuni kubwa wanabaki na zaidi ya nusu ya kampuni mpya, kodi hailipwi. Kwa FairPoint wanahisa wa Verizon walipata karibu asilimia 60.

Tafsiri yake ni kwamba mnunuzi LAZIMA awe mdogo kuliko anachokinunua. Kampuni kubwa yenye fedha haifai, maana wanahisa wake watazidi nusu. Kwa hiyo msamaha wa kodi wenyewe unachagua mnunuzi dhaifu. Na kabla ya kutengwa, sehemu ile inabebeshwa deni ambalo fedha yake inabaki kwa muuzaji.

Verizon ilirudia njia hiyohiyo na Frontier, kampuni nyingine ya simu. Ilitangazwa 2009, ikafungwa tarehe 1 Julai 2010, laini karibu milioni 4.8 kwenye majimbo 14, dola bilioni 8.6. West Virginia nzima ya Verizon ikaenda humo.

Wizara ya Sheria ikitazama mpango kama huu inaona nini? Verizon anatoka, Frontier anaingia, idadi ya washindani haijabadilika. Safi kabisa, piteni. Mleta mada ana haki kwenye hili, deni halina mtu wa kuliuliza isipokuwa jimbo.

---

Soko Huria

Hesabu Kali, sawa, lakini basi jibu maswali haya. Majimbo matatu yaliiuliza FairPoint kuhusu deni, moja likakataa, masharti yakawekwa, mkaguzi akawekwa. Na bado ikafilisika. Sasa faida ya mlango wenu wa tatu ni ipi?

---

Hesabu Kali

😂 Hapo umenibana kidogo.

---

Waya wa Shaba

Hajakubana. Hebu tutazame Hawaii, maana ilitangulia.

Mwaka 2005 Verizon iliuza kampuni ya simu ya Hawaii kwa Carlyle, mfuko wa uwekezaji, kwa dola bilioni 1.65. Tume ya Hawaii ikapitisha na masharti. Mifumo ya ofisi ilikuwa ya Verizon huko bara, ikabidi ijengwe upya kutoka sifuri. Ilipowashwa 2006 matatizo yakawa yaleyale anayoyasema Mama Ankara: bili, oda, simu za wateja. Desemba 2008 Hawaiian Telcom ikaingia mahakama ya ufilisi.

Angalia tarehe. Vermont inakataa Desemba 2007, FairPoint inahama Januari 2009. Mfano wa Hawaii ulikuwa mezani, kila mtu aliusoma, ndiyo maana mkaguzi akawekwa. Kilichokosekana ni ujasiri wa kubaki na "hapana". Bodi ilipokataa mara ya kwanza ilikuwa na nguvu zote. Ilipokubali mara ya pili, silaha iliyobaki mkononi mwake ni kutoza faini.

Na faini kwa kampuni iliyofilisika ni nini? Kwenye mazungumzo ya ufilisi, adhabu za huduma mbovu zikawa sehemu ya mapatano: zinasamehewa au kuahirishwa, kampuni inaahidi kuwekeza. Jimbo linakaa pamoja na wakopeshaji kama mdai mwingine yeyote. Vermont ilijaribu tena kubana: Juni 2010 ikakataa mpango wa kuifufua kampuni kwa hoja ileile ya fedha, mpaka ukarekebishwa. FairPoint ilitoka kwenye ufilisi Januari 2011 ikiwa imefutiwa deni la karibu dola bilioni 1.7. Waliopoteza ni wakopeshaji na wanahisa, na mteja aliyekaa bila simu.

---

Msomaji Kimya

Mimi ni msomaji tu, ila naomba mnieleweshe. Tume inapoamua inatumia kipimo gani? Nimesoma mahali "manufaa ya umma" lakini hilo linaweza kumaanisha chochote.

---

Waya wa Shaba

Kuna kambi mbili. Majimbo mengine yanauliza: je, mteja atakuwa vibaya kuliko jana? Kama hapana, pita. Mengine yanataka kampuni ionyeshe faida halisi kwa mteja. Ni tofauti kubwa kuliko inavyosikika. Kwenye kambi ya kwanza, mnunuzi anahitaji tu kuahidi kwamba hatapandisha bei na hatapunguza mafundi. Kwenye ya pili lazima alete kitu.

California ndiyo iliyoandika kwa tarakimu. Kifungu cha 854 cha sheria yao ya huduma za umma kinasema, kwa kampuni yenye mapato ya jimboni yanayozidi dola milioni 500 kwa mwaka, tume ihakikishe angalau nusu ya faida ya kiuchumi ya muungano inakwenda kwa walipa bili. SBC ilipoichukua Pacific Telesis 1997 ilibidi wahesabu akiba yote wanayotarajia, na zaidi ya dola milioni 200 zikaamriwa zirudi kwa wateja.

Ucheshi uliomo ni huu: kampuni inakuja mbele ya wawekezaji inasema muungano utaokoa mabilioni, halafu inakuja mbele ya tume inasema kwa kweli akiba si kubwa hivyo. Mawakili wa ofisi ya mtetezi wa wateja kazi yao ni kuchukua slaidi za wawekezaji na kuzisoma kwa sauti kwenye kikao.

---

Soko Huria

Hilo la slaidi nimelipenda 😂

Lakini Ameritech je? Illinois, moja ya majimbo yake, nao walidai mgao wa akiba na viwango vya huduma mwaka 1999, FCC nayo ikaweka masharti 30. Kiangazi kilichofuata, 2000, wateja wa Ameritech walikuwa wanasubiri fundi siku na siku. Masharti 30, wakuu. Thelathini.

---

Waya wa Shaba

Ndiyo maana mimi si shabiki wa orodha ndefu. Mafundi wenye uzoefu walikuwa wamestaafu kwa wingi, na sharti la karatasi halipandi nguzo.

---

Fundi Mnara

Wakuu mnazungumzia mezani tu. Simu za mkononi vipi? T-Mobile na Sprint ilikuwa sinema nyingine.

---

Kipanga wa Pwani

Hiyo niliifuatilia, niachieni.

Kwanza sheria. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliyazuia majimbo kudhibiti bei za simu za mkononi au kuamua nani aingie sokoni. Yakaachiwa "masharti mengineyo", maneno ambayo mawakili wameyalia chakula hadi leo. Kwa hiyo tume nyingi hazikuwa na la kufanya T-Mobile ilipotangaza Aprili 2018 kwamba inainunua Sprint kwa dola bilioni 26.

Majimbo yakapitia dirishani. Juni 2019 wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa, wakiongozwa na New York na California, walifungua kesi ya ushindani mahakamani. Wana haki hiyo, Mahakama ya Juu ilishaamua 1990, kwenye kesi ya California dhidi ya American Stores, kwamba jimbo linaweza kuomba muungano uvunjwe. Wizara ya Sheria wakati huohuo ikapatana na kampuni kwa kuipa Dish, kampuni ya televisheni ya setilaiti, sehemu ya biashara. Februari 2020 Jaji Victor Marrero akawapa ushindi T-Mobile na Sprint.

Ikabaki California. CPUC ilikuwa bado haijapiga kura, na Sprint ilikuwa na cheti cha simu za waya jimboni. T-Mobile wakafanya nini? Wakasema cheti hicho tunakirudisha, hatuhitaji ruhusa yenu, na tarehe 1 Aprili 2020 wakafunga mpango. Tume ikawaambia msiunganishe shughuli za California kabla hatujaamua. Tarehe 16 Aprili ikapitisha kwa masharti, kampuni zikiwa zimekwisha kuwa moja!

---

Fundi Mnara

Na msisahau kilichofuata. T-Mobile walipotaka kuzima mtandao wa zamani wa Sprint, ule wa CDMA, mapema kuliko tume ilivyoelewa, Agosti 2021 CPUC ikawataka wajieleze kwa nini wasiadhibiwe kwa kuipotosha. Dish ndio waliolalamika, maana wateja wao wa Boost, biashara waliyoipata kwenye mpango ule, walikuwa kwenye mtandao huo. Kwa sisi wa minara hilo halikuwa jambo la ajabu. Masafa yaleyale yalihitajika kwa mtandao mpya.

---

Waya wa Shaba

Naam. Mfano wa T-Mobile unaonyesha wazi: ukishafunga mpango, tume inazungumza na mtu aliyekwisha kuondoka chumbani. Nguvu yote ni kabla. Ndiyo maana napendekeza tume ziache kudai vitu vidogo vidogo ishirini na kudai viwili vikubwa kabla ya saini: deni lisizidi kiwango fulani, na ukuta kati ya fedha za kampuni tanzu ya jimbo na za kampuni mama, ili makao makuu yasinyonye fedha ya matengenezo kulipa riba. Wakikataa, mpango usipite.

---

Hesabu Kali

Na Frontier ndiyo ushahidi. Baada ya 2010 haikutulia, mwaka 2016 ikachukua tena California, Texas na Florida za Verizon kwa dola bilioni 10.54. Kuhama kule nako kukawa na malalamiko, wateja wakakatika. Deni likafika karibu dola bilioni 17.5, na Aprili 2020 wakaingia ufilisi. West Virginia walikuwa wamechoka kiasi kwamba tume yao iliamuru ukaguzi wa uendeshaji wa kampuni nzima jimboni, waya zilizooza, nguzo zilizoinama, vyote viandikwe.

Halafu Septemba 2024, nani anatangaza kuinunua Frontier kwa dola bilioni 20 pamoja na deni? Verizon. Baadhi ya laini zinarudi kwa aliyeziuza, zikiwa na mkongo uliojengwa baada ya wakopeshaji kupoteza fedha zao.

---

Msomaji Kimya

Kwa hiyo majimbo yakaulizwa tena kuhusu laini zilezile?

---

Hesabu Kali

Yaleyale, dada, na California ndiyo ikawa ngumu kwa jambo lisilo la waya kabisa. Mei 2025 FCC ilipitisha baada ya Verizon kuahidi kufuta programu zake za kuleta usawa na mchanganyiko wa watu kazini. CPUC nayo kwa miaka mingi ina utaratibu wa kuzitaka kampuni za huduma ziripoti zinavyonunua kwa wafanyabiashara wanawake, wa jamii za wachache, na maveterani wenye ulemavu. Kampuni moja, wakubwa wawili, mmoja anasema acha, mwingine anasema lete ripoti.

---

Soko Huria

Hapo ndipo narudi kwenye hoja yangu ya kwanza. Mlango wa tatu ukigeuka uwanja wa siasa, wa pili nao ukawa uwanja wa siasa, nani anahesabu deni?

---

Waya wa Shaba

Nakuunga mkono kwa hilo bila kusita.

Na kuna jingine linalonitisha zaidi. Majimbo mengi yamejivua mamlaka yenyewe. Florida na Wisconsin mwaka 2011 zilipunguza sana usimamizi wa tume zao kwa simu. California mwaka 2012 ilizuia tume yake kudhibiti simu za intaneti hadi 2020. Kampuni ikibadilisha shaba kuwa mkongo, simu ya mteja inakuwa ya intaneti, na kwenye majimbo mengi hapo tume haina tena cha kushika. Mteja yuko nyumba ileile na namba ileile, ila kisheria amehama.

---

Soko Huria

Akihamia mkongo ana bahati. Mimi ningefurahi.

---

Waya wa Shaba

Siku inapofanya kazi, ndiyo. Umeme ukikatika wakati wa dhoruba ya theluji, ile ya shaba ilikuwa inapata umeme wake kutoka kwenye mtambo. Ya mkongo inategemea betri iliyo nyumbani kwako.

---

Msomaji Kimya

Swali la mwisho kwangu: mtu wa kawaida akitaka kusoma majalada haya anaanzia wapi? Nimefungua moja, lina mamia ya hati, nikafunga.

---

Mama Ankara

Usianze na maombi ya kampuni, hayo yameandikwa na watu wa matangazo. Tafuta ushahidi wa maandishi wa ofisi ya mtetezi wa wateja. Maine wanayo, New Hampshire wanayo. Kisha soma maswali ya wafanyakazi wa tume na majibu ya kampuni. Kuna sehemu zimefichwa kwa wino mweusi kwa sababu ni siri za biashara, hizo ziruke. Halafu tafuta sehemu inayoeleza mkataba wa huduma za mpito kutoka kwa muuzaji: unaisha lini, unagharimu kiasi gani kwa mwezi, na nani anaruhusiwa kuurefusha. Kama hakuna anayeruhusiwa kuurefusha, mimi mwenyewe ningeandika barua kwa tume siku hiyohiyo. Barua za wananchi wanazipokea, na vikao vya hadhara kwa kawaida vinaitishwa.